Kitambaa cha Bayeux na siasa za "dhaifu mno kusafiri"

Tangu Rais Emmanuel Macron alipotangaza jijini London, Julai 2025, kwamba Ufaransa itaiazimisha Uingereza Kitambaa cha Bayeux, ukanda wa kitani uliodariziwa hadithi ya vita, mjadala umetawaliwa na hisia. Waingereza wameshangilia ujio wa kazi ya karne ya 11 ambayo haijakanyaga ardhi yao kwa zaidi ya miaka 900. Wafaransa wengi wamekasirika kwamba rais wao anachezea mali ya taifa ili kupata picha nzuri na mfalme. Huku kwetu, kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenda historia, habari hii imesomwa kama dalili njema: ikiwa Wazungu wameanza kuachiana vitu vyao vya kale, basi na zamu yetu inakuja. Kwa maoni yangu wote wamekosa shabaha. Maonyesho ya British Museum, yaliyopangwa kuanza Septemba 2026 hadi Julai 2027, hayatuambii lolote kuhusu kurejeshwa kwa mali za kale. Yanatuambia jambo jingine, na kwangu ni zito zaidi: kwamba kauli ya "ni dhaifu mno, hakiwezi kusafiri", ambayo kwa miongo mingi imetolewa kama hukumu ya kitaalamu isiyokatiwa rufaa, kwa kiasi kikubwa ni uamuzi wa kisiasa wenye bei yake. Anayetaka kweli huilipa bei hiyo. Asiyetaka huwaita wataalamu waje kumsemea.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wanaokibishania hawajawahi kukitazama kwa karibu. Ni vipande tisa vya kitani vilivyoungwa kuwa ukanda mmoja wa karibu meta 70, ila upana wake ni nusu meta tu. Juu ya kitani hicho wadarizi wamesimulia kwa nyuzi za sufu jinsi William, mtawala wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, alivyovuka bahari na kumshinda Mfalme Harold wa Uingereza katika vita vya Hastings, Oktoba 1066. Inaaminika aliyekiagiza ni Askofu Odo wa Bayeux, ndugu wa William kwa upande wa mama, na wanahistoria wengi wanakubali kwamba kilidariziwa Uingereza kwenyewe, pengine Canterbury. Rangi zipo kama kumi, zote kutokana na mimea mitatu tu. Ukikaribia ndipo unapouona ufundi: farasi akiwa na miguu ya upande wa karibu ya rangi moja, miguu ya upande wa pili hupewa rangi nyingine, ili jicho lijue upi uko karibu na upi uko mbali. Mahali fulani kundi la watu linanyoosha vidole juu kuitazama nyota yenye mkia, ile tunayoiita leo kimondo cha Halley, na kwenye pindo la chini, vita vikiwa vimepamba moto, maiti wanavuliwa deraya zao. Mdarizi hakuona haya kuonyesha ushindi unavyonuka.

Namna kilivyodariziwa ndiyo chanzo cha ugomvi wote wa leo. Ili kujaza umbo la farasi au ngao, wadarizi walilaza nyuzi za sufu sambamba juu ya kitani, wakapitisha nyingine juu yake kwa kukatiza, kisha wakazibana kwa vishono vidogo. Matokeo yake ni tabaka la sufu lenye uzito, lililoshikiliwa na kitani chembamba ambacho sasa kina umri wa takriban miaka 950. Kitani na sufu havinyonyi unyevu kwa kiwango kimoja. Hewa ikibadilika, kimoja hujivuta na kingine hubaki nyuma, na mvutano huo huishia kwenye matundu ya sindano. Uchunguzi uliofanyika 2020 ulihesabu madoa 24,204, mikunjo 16,445, matundu na sehemu zilizopungua 9,646, na michaniko 30 ambayo haijadhibitiwa. Hizi ndizo takwimu wanazozisoma wapinzani wa safari kila wanapopewa kipaza sauti, na wana haki ya kuzisoma.

Upande wa watetezi una hoja kadhaa, na ile inayorudiwa zaidi ndiyo mbovu kuliko zote. Wanasema: kitambaa hiki kimeshasafiri sana na bado kipo. Ni kweli kwamba kimesafiri. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1792, nusura kiishie kuwa turubai la mkokoteni wa jeshi, kikaokolewa na wakili mmoja wa mjini Bayeux. Mwishoni mwa 1803 Napoleon alikipeleka Paris kuwakumbusha wananchi kwamba Uingereza iliwahi kuvamiwa ikavamika, wakati yeye mwenyewe akiandaa uvamizi ambao haukutokea. Kwa miaka mingi baadaye kilikuwa kikiviringishwa na kukunjuliwa mbele ya wageni. Katika Vita vya Pili vya Dunia watafiti wa Kinazi walikichunguza wakitafuta humo utukufu wa asili ya Kijerumani, na mwaka 1944 kikahamishiwa Louvre, jumba la makumbusho la Paris, kabla ya kurudi Bayeux mwaka uliofuata. Kwa hiyo, wanauliza watetezi, lori moja la kisasa lenye kidhibiti hewa litakifanya nini?

Jibu limo kwenye zile hesabu za 2020. Madoa yale na matundu yale hayakudondoka kutoka mbinguni. Ni gharama ya safari zilezile, ya mishumaa, ya kuviringishwa, ya mikono ya walinzi na wageni, ya watu waliokishona upya kwa nia njema na uzi usiofaa. Hata mwisho wa hadithi haupo: ukanda unakatika Waingereza wakikimbia, na kilichofuata kimepotea. Kudai kwamba kunusurika ni ushahidi wa usalama ni kuwasikiliza waliorudi kutoka baharini na kuwasahau waliozama. Mtetezi makini wa maonyesho haya angeiacha hoja hiyo mara moja, kwa sababu inamfanyia kazi mpinzani wake.

Wapinzani nao wamesimama pazuri zaidi, lakini si pazuri kama wanavyodhani. Ombi la mtandaoni lililoanzishwa na Didier Rykner, mhariri wa jarida la sanaa la La Tribune de l'Art, lilikusanya makumi ya maelfu ya sahihi. Mchoraji David Hockney naye ameiita safari hiyo wazimu. Kiini cha hoja yao ni mtetemo: kila kilometa ya barabara inatikisa sufu nzito juu ya kitani kilichochoka, na kila kukunja na kukunjua kunaongeza hatari. Hilo silipingi. Tatizo ni kwamba wanazungumza kana kwamba chaguo lililokuwepo ni kukisafirisha au kukiacha kimetulia mahali pake. Chaguo hilo halikuwepo. Jumba la Bayeux lilifungwa Septemba 2025 kwa ujenzi mkubwa unaotarajiwa kwisha 2027, na mojawapo ya sababu za ujenzi huo ni kwamba jinsi kitambaa kilivyotundikwa tangu 1983, kikining'inia wima kwa uzito wake, kulikuwa kukikiumiza polepole. Mwezi huohuo makumi ya watu walikitoa kwenye kabati lake la kioo, wakakikunja kwa uangalifu na kukipeleka ghalani. Kwa hiyo hatari ya kukigusa ilikuwa lazima iingiwe hata kama London isingekuwepo kwenye ramani. Swali halali ni dogo na la kiufundi zaidi: mamia ya kilometa za ziada, na mara mbili za ziada za kukifunga na kukifungua, zinaongeza hatari kiasi gani, na tunapata nini badala yake?

Wengine wanajibu kwamba hatupati kitu, kwani Waingereza wana nakala yao. Wanayo kweli, imehifadhiwa mjini Reading. Ilidariziwa mwaka 1885 na 1886 na wanawake wa mji wa Leek wakiongozwa na Elizabeth Wardle, na ni kazi ya kutukuka. Lakini kwenye mapindo ya kitambaa cha asili kuna wanaume walio uchi wa mnyama, na kwenye nakala mmoja wao amevikwa kaptura. Nakala hii inatufundisha haya za Uingereza ya Malkia Victoria kwa ukamilifu kabisa. Kuhusu karne ya 11, inanyamaza pale hasa tunapotaka iseme. Na faida ya kukileta kitambaa Uingereza si kuwapa watu foleni ndefu ya kupiga picha. Michoro kadhaa ya kitambaa, kwa mfano ile karamu ambayo Odo anabariki chakula, inaonekana kunakiliwa kutoka vitabu vya mkono vilivyokuwa Canterbury zama hizo. Kimojawapo, Injili za Mtakatifu Augustino, kiko Cambridge, na kitabu kingine kikuu cha Canterbury kiko British Library, mwendo wa miguu tu kutoka British Museum. Kazi ya maonyesho mazuri ya sanaa ya kale ni kuvikutanisha vitu vilivyotenganishwa kwa karne nyingi na kumwachia mtazamaji alinganishe kwa macho yake. Kitabu cha picha hakikupi hilo, hata kichapishwe kwa ustadi gani.

Hata hivyo, sidanganyiki kwamba Macron alikuwa akiwaza Injili za Augustino. Tazama ratiba ya maombi. Waingereza walikiomba kitambaa hiki mwaka 1953, Elizabeth II alipotawazwa, wakakataliwa. Wakakiomba tena 1966, miaka 900 ya Hastings, wakakataliwa. Mwaka 2018 Macron aliahidi mbele ya Theresa May, mambo yakakwama. Mapema 2025 wataalamu wa idara ya utamaduni ya Normandy walikuwa bado wanaeleza hadharani kwamba hali yake hairuhusu safari. Miezi michache baadaye, rais akiwa ameshatamka, mjumbe wake Philippe Bélaval akasema uchunguzi haukusema hakiwezi kubebwa, bali umetoa maelekezo ya namna ya kukibeba. Kitani hakikuimarika kati ya 1953 na 2025. Kimezeeka miaka 72. Kilichobadilika ni kwamba Paris na London, baada ya miaka ya kununiana kwa sababu ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, zilihitaji kitu kikubwa cha kupatana nacho. Uamuzi ulipokwisha kufanyika, vifaa vikafuata: masanduku maalumu, majaribio ya safari, na dhamana ya serikali ya Uingereza inayoripotiwa kufikia pauni milioni 800. Dhamana hiyo inatolewa chini ya utaratibu uliopo tangu 1980, ambao haumlipishi mtu senti mpaka madhara yatokee. Wala hakuna fedha inayoweza kumrudisha mdarizi wa mwaka 1070, ila hiyo ni habari nyingine.

Si mara ya kwanza. Mwaka 1963 waziri wa utamaduni wa Ufaransa, André Malraux, aliupeleka mchoro wa Mona Lisa Washington na New York, wahifadhi wa Louvre wakiwa hawataki. Mwaka 2019 mahakama ya Venice ilisimamisha kwa siku chache kuazimishwa kwa karatasi ya Leonardo yenye mchoro wa mtu aliyenyoosha mikono ndani ya duara na mraba, kisha ikaruhusu, kwa sababu Italia na Ufaransa zilikuwa zimekubaliana kubadilishana kazi za Leonardo na Raphael. Karatasi ya mwaka 1490 hivi ikasafiri, ikaonyeshwa kwa muda mfupi, ikarudi. Kila safari kati ya hizi ilianza kwa "haiwezekani" ya fundi, ikaishia kwa "fanyeni iwezekane" ya mkubwa.

Sasa linganisha na sanamu ya Malkia Nefertiti. Ni ya chokaa na plasta, ina zaidi ya miaka 3,300, na ilichimbuliwa Amarna mwaka 1912 na timu ya Mjerumani Ludwig Borchardt. Mwaka 2007 Misri iliomba, si irudishiwe moja kwa moja, bali iazime tu kwa maonyesho ya muda. Ujerumani ikajibu kwamba sanamu ni dhaifu, haiwezi kuhimili safari. Sanamu hiyohiyo wakati wa vita ilikaa kwenye handaki la Berlin na kisha kwenye mgodi wa chumvi wa Merkers, ikachukuliwa na Wamarekani hadi Wiesbaden, ikarudi Berlin 1956, ikahama jumba hadi jumba, na mwaka 2009, miaka miwili tu baada ya jibu walilopewa Wamisri, ikahamishiwa Neues Museum, mjini humohumo. Sisemi kwamba plasta yake haina nyufa. Nasema kwamba udhaifu wake ulipimwa kwa kutazama anayeomba ni nani, na kama kuna wasiwasi kwamba hatarudisha.

Hapo ndipo wenzangu wanaosherehekea safari ya Bayeux kama mwanzo wa marejesho wanapopotea. Umiliki wa kitambaa haubishaniwi. Ni mali ya dola ya Ufaransa, na Uingereza, hata kama wadarizi walikuwa watu wake, haijaleta madai. Ndiyo maana kinaweza kuvuka: mwenye mali hana hofu. Tena Uingereza nayo inapeleka Normandy hazina za Sutton Hoo, zilizochimbuliwa kwenye kaburi la kale la Uingereza, na sataranji za Lewis, vinyago vya kale vya mchezo huo, mali kwa mali. Sheria ya British Museum ya mwaka 1963 inaifunga bodi yake isitoe vitu moja kwa moja isipokuwa kwa sababu finyu sana, na safari hii haijaigusa sheria hiyo hata kwa nukta moja. Kinyume chake, inaupa heshima mpya utaratibu wa kuazimishana, na huo ndio utaratibu ambao Waafrika wanapewa badala ya marejesho. Mwaka 2024 vito na dhahabu 32 vya Waasante wa Ghana, vingi vikiwa vimeporwa katika vita vya karne ya 19, vilifika Kumasi kutoka British Museum na Victoria and Albert Museum kwa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa mitatu mingine. Mwaka huohuo vitu 39 kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge vilifika Makumbusho ya Uganda, Kampala, navyo kwa miaka mitatu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini hapa kuku yuko kwao na bado kamba ipo.

Lakini kuna kitu safari ya Bayeux inatupa, na tusikidharau. Inaondoa mezani hoja ya mazingira. Kwa muda mrefu tumeambiwa kwamba vitu vya kale ni salama London, Paris na Berlin kwa sababu huko kuna hewa iliyopimwa na walinzi makini. Agosti 2023 British Museum yenyewe ilitangaza kwamba vitu vipatavyo 2,000 vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa, na mkurugenzi wake akajiuzulu. Bayeux yenyewe ilikubali kwamba kabati lake la miaka 40 lilikuwa likikiumiza kitambaa. Na vitu vya Afrika vya zama zilezile vimekuwa vikipanda ndege kwenda Ulaya bila kelele: Nigeria iliazimisha vichwa vya shaba na udongo vya Ife, vya karne za 12 hadi 15, vikaonyeshwa London 2010. Afrika Kusini ilipeleka kifaru wa dhahabu wa Mapungubwe, wa karne ya 13, mwaka 2016. Hata upande wetu wa bara jaribio lilishafanyika. Mwaka 2006 British Museum ilileta Nairobi zaidi ya vitu mia moja vya Afrika Mashariki kwa maonyesho yaliyoitwa Hazina. Vilikaa, vilitazamwa, vikarudi London. Kama Nairobi ilifaa wakati ule kwa vitu vinavyorudi, sioni ni kipi kingeifanya isifae kwa ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo bado imo kwenye ghala za British Museum.

Nitakuwa mnafiki nikisema matatizo ya kwetu yametungwa. Hewa ya chumvi ya pwani inakula chuma na karatasi, mchwa hawana likizo, na umeme tunaujua wenyewe. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa makumbusho ya Zanzibar, iliporomoka baada ya miaka ya nyufa zilizoonekana na kila mpita njia. Mtu akisema hatujatunza tulichonacho, hilo haliwezi kujibiwa kwa hotuba ya ukoloni peke yake. Lakini angalia mpangilio wa mambo huko Normandy: kwanza iliamuliwa kwamba kitambaa kitakwenda, kisha wataalamu wakaambiwa watafute njia, kisha fedha na dhamana zikapatikana. Kwetu mpangilio hugeuzwa. Tunaambiwa tujenge kwanza, tupimwe, tusubiri, halafu ndipo mazungumzo yaanze. Serikali zetu zinaukubali mpangilio huo kwa urahisi wa kushangaza, pengine kwa sababu unaziondolea nazo gharama ya kujenga. Wizara inayoomba kitu cha kale bila kutaja bajeti ya chumba kitakamowekwa inawapa wanaokataa sababu bila malipo.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kudai, na yote yana tarehe. La kwanza ni ripoti. Kitambaa kikirudi Ufaransa, wahifadhi wa pande zote mbili wachapishe hali yake kabla na baada ya safari, doa kwa doa na tundu kwa tundu, kwa kipimo kilekile cha 2020. Ikionekana hakikuumia, hakuna jumba la Ulaya litakaloweza tena kulijibu ombi la Cairo au la Nairobi kwa neno moja la "dhaifu" bila kuambatanisha vipimo. Ikionekana kimeumia, wapinzani watakuwa wamesema kweli, na tutajua kwamba viongozi wawili walikuwa tayari kuumiza kazi ya miaka 950 kwa ajili ya urafiki wao.

La pili ni kalenda yenyewe. Maonyesho ya London yanafungwa Julai 2027, na kitambaa kinarudi kwa mwenyewe bila mtu kuuliza. Mwaka huohuo wa 2027 ndipo miaka mitatu ya kwanza ya Kumasi inapokwisha, na ya Kampala pia. British Museum na wenzake watalazimika kuandika barua: ama kuongeza muda, ama kuomba virudi, ama kukaa chini kujadili sheria ya 1963. Safari hii hawataweza kuandika kwamba vitu hivyo ni dhaifu mno kusafiri, kwa sababu njia pekee ya kuvirudisha Uingereza ni kuvisafirisha.